Jumanne ya Namba Nne

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa za wanawake.
Jumanne na Alhamisi, zetu.
Jumapili hata mbwa hakutoka.
Ndivyo tulivyogawanywa hapa David, Panama, mwaka ule wa barakoa,
kama mtu apetaye ungo: huku mchele, huku chuya,
na tarakimu ya mwisho ya kitambulisho ikawa saa yako.
Yangu nne.
Miaka thelathini na minane nimeendesha basi la shule,
sikuwahi kununua kitunguu.

Briseida huniandikia orodha kwa herufi kubwa, kama ninaanza shule:
MAHARAGWE MEUSI. SI YALE MEUSI MENGINE.
MAGIMBI. BONYEZA. LIKIBONYEA, LIACHE.
GILIGILANI YA JANI REFU. REFU!
Nami nabonyeza, nimevaa glavu za kuoshea vyombo,
nampigia simu mbele ya mboga kama dereva aliyepotea njia:
“Refu kiasi gani?”
“Kama kidole chako cha kati, kile unachowaonyesha wenye teksi.”
Foleni nzima ikasikia. Barakoa zikatikisika.

Sakafuni, misalaba ya utepe wa manjano, mita mbili mbili.
Wenye nne ni wale wale kila wiki,
tumejuana kwa macho, maana mengine yote yamefichwa:
Toribio wa matairi,
kijana wa zimamoto anayenusa tikiti kupitia kitambaa, asisikie kitu, alinunue tu,
na Olmedo, msalaba wa tatu,
mkate, kahawa, kopo moja la dagaa.
“Si yangu,” husema, na hakuna aliyemuuliza. “Ni ya paka.”

Jumanne ya sita, msalaba wa tatu ulikuwa mtupu.
Hakuna aliyesema neno.
Hakuna aliyeukanyaga pia.
Tulisogea tukiuruka, watu wazima,
kama watoto wanaoogopa mstari.

Yariela wa kaunta ndiye pekee aonaye pande zote za mji,
leo waume, kesho wake.
“Nyumba za watu nazijua nusu nusu,” huniambia.
Siku hiyo alipitisha magimbi yangu kwenye mashine bila kuinua macho:
mkewe Olmedo alikuja jana. Edilma.
Mzee yuko hospitali, kwenye oksijeni.
Edilma alisahau dagaa, akarudi mbio mlangoni,
saa yake imekwisha, mlinzi akamwonyesha ukutani.

Toribio akaacha msalaba wake, jambo lililokatazwa,
akarudi na kopo.
Zimamoto naye.
Mimi nikachukua mawili, ingawa hayamo kwenye orodha
na orodha ya Briseida si ya kuchezea.
Makopo saba kwenye mfuko mmoja;
Yariela akaandika juu yake kwa wino mzito:
EDILMA. JUMATANO.

Wiki iliyofuata jibu lilitungoja kaunta, mgongoni mwa risiti:
Paka anaitwa Waziri. Amenenepa.
Hulala kwenye kiti cha Olmedo, hataki kutoka.
Asanteni, wanaume wa nne.
Basi. Tulilisoma kwa zamu, kila mtu akinyoosha mkono mita mbili,
na kila mtu alitafuta mstari uliokosekana
akalirudisha kimya.

Sasa orodha yangu huishia na DAGAA, KOPO MOJA,
kwa herufi ndogo.
Briseida hapendi paka.
Sijamuuliza, naye hajanieleza.

Utepe umechakaa kwa viatu vyetu.
Wangu umebaki pembe moja, wa Toribio ni gundi tu na vumbi.
Wa tatu bado ni manjano kabisa,
kama umebandikwa leo asubuhi.